Alifika Mapema Mno

Ndege inachukua saa kumi na nne. Yeye alifika baada ya saa tatu na nusu.

Tatizo ni hilo, halipambiki. Saa nane mchana Dada Pazia alimpigia mchumba wake simu huku analia. Mchumba yuko ng'ambo, kilomita elfu kumi na mbili na ushei. Saa kumi na moja na nusu jioni ya siku hiyo hiyo, mchumba akasimama mlangoni mwa wodi ya wanaume, koti zito la baridi mkononi, jasho linamchuruzika mpaka kidevuni.

"Nimechelewa?" akauliza.

Dada Pazia hakuhesabu. Nani angehesabu? Mwaka na miezi minane alikuwa akimwona kwenye kioo cha simu, uso mdogo kama stempu. Leo yuko mzima mzima, ana harufu, ana joto. Alimrukia shingoni mbele ya wagonjwa sita na nesi mmoja.

"Fundi! Fundi wangu! Umekuja!"

"Nilikwambia nakuja."

"Nilidhani unanituliza tu."

Mgonjwa wa kitanda cha tatu akapiga makofi. "Dawa ndiyo hii sasa," akasema, "siyo hivyo vidonge vyenu."

Kwenye kitanda cha mwisho, karibu na dirisha, alilala baba yake Dada Pazia, dereva mstaafu wa malori ya masafa marefu. Moyo wake ulikuwa umechoka. Kesho saa mbili asubuhi madaktari walitaka kumpasua, naye tangu asubuhi alikuwa amegoma kutia saini karatasi ya kukubali.

"Ndiye huyu?" mzee akauliza.

"Ndiye, baba."

"Sogea kijana. Sogea, mimi sing'ati."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kumbe mrefu kuliko sauti yako." Akamtazama kuanzia kichwani hadi viatuni, kwa raha zake, kama anayekagua lori kabla ya safari. "Nimewaambia hawa, kisu hakinigusi mpaka nimwone atakayebaki na mwanangu. Nikifia mezani nimwachie nini? Sauti ya simu? Sauti haiezeki paa."

"Niko hapa, baba."

"Nakuona. Nesi! Lete hiyo karatasi yenu."

Nesi akakimbia kuileta kabla mzee hajabadilisha mawazo. Kalamu ikakwaruza. Dada Pazia akashusha pumzi ambayo alikuwa ameishika tangu asubuhi.

Aliyebaki amesimama dirishani, flaski ya chai kwapani, alikuwa Shangazi. Huyu ndiye dada wa mzee, ndiye anayelipa kodi ya duka la mapazia analoshonea Dada Pazia, na ndiye mwenye mdomo. Alikuwa kimya kwa muda mrefu. Shangazi akikaa kimya, ujue anapiga hesabu.

"Fundi," akasema taratibu. "Hebu nisaidie mimi mshamba. Siku hizi ndege zinaruka kwa mafuta au kwa dua?"

Fundi akafuta jasho kidevuni.

"Nauliza tu. Maana binti alikupigia saa nane. Mimi nilikuwepo, nilimshikia leso."

Hapo ndipo Dada Pazia alipohesabu. Na alipohesabu, hesabu ikakataa.

Maana kama kuna mtu aliyezijua zile saa kumi na nne, ni yeye. Wengine huzisoma tu kwenye tiketi. Yeye alizijua mwilini.

"Shangazi naye!" akasikia mdomo wake mwenyewe ukisema, tena kwa kicheko. "Si alikuwa njiani tayari. Alitaka kunishtukiza."

"Kumbe!" mzee akacheka mpaka akakohoa. "Mjanja huyu."

Fundi akamtazama Dada Pazia. Hakukubali, hakukataa. Akainamisha kichwa, na mzee akadhani ni aibu ya ukwe.

*

Walikutana wakigombana. Kulikuwa na ukumbi mpya wa mikutano. Dada Pazia kaajiriwa kutundika mapazia, Fundi kaajiriwa kufunga viyoyozi, na wote wawili wakautaka ukuta mmoja.

"Ukitoboa hapo nakutoboa wewe," Dada Pazia alimwambia, yuko juu ya ngazi, pini tano mdomoni.

"Dada, hewa lazima ipite."

"Ipite mlangoni kama watu wengine."

Fundi akacheka. Akatoboa nusu mita pembeni, kazi ikamchukua siku nzima zaidi, na jioni akamshikia ngazi. Miezi minne baadaye walikuwa wanazungumza habari za ndoa. Baba alikuwa bado barabarani na lori lake, kila akirudi nyumbani Fundi yuko kazini, wakawa wanapishana.

Kisha ikaja ile kazi ya ng'ambo. Wakala mmoja alisema kuna mji mkubwa, baridi yake inakata masikio, maduka yake yana majokofu marefu kama treni, na mafundi hawatoshi. Miaka miwili tu, Fundi akarudi na mtaji wa karakana yake. Dada Pazia alikuwa na cherehani mbili. Akauza ile nzuri, ile ya umeme, apate kuongezea nauli. Akamsindikiza mpaka kwenye kioo cha uwanja wa ndege, akapunga mkono mpaka mtu wa usafi akamwambia, "Dada, ameshapita huyo."

Baada ya hapo mapenzi yakaishi kwenye simu. Kila jioni saa mbili, cherehani ikinyamaza, simu inalia. Kule kwa Fundi ni saa saba mchana, maana mji ule uko nyuma kwa saa saba. Anaonekana amevaa koti na kofia ya sufu, nyuma yake ukuta mweupe, na akisema neno, mvuke mweupe unamtoka mdomoni.

"Naona pumzi yako," Dada Pazia husema.

"Ishike basi."

"Niambie kuhusu ndege."

Alipenda hadithi hiyo kuliko zote. Hajawahi kupanda ndege. Hulala chali juu ya marobota ya kitambaa, taa moja inawaka, na Fundi humpeleka.

"Unaondoka saa nne usiku. Unakaa dirishani. Chini taa zinakuwa kama shanga zilizomwagika, halafu zinakwisha. Saa nne za kwanza nchi kavu. Halafu jangwa, hakuna taa hata moja. Halafu bahari. Bahari ni ndefu, hiyo unalala, unaamka, bado ipo. Halafu unafika saa kumi na moja alfajiri."

"Ngoja. Kutoka saa nne usiku mpaka saa kumi na moja ni masaa saba. Wewe umesema kumi na manne."

"Saba zingine zinabaki angani."

"Nani anazichukua?"

"Hakuna. Zinakungoja. Siku ukirudi unazilipa."

Dada Pazia alipenda hizo saa saba zisizo na mwenyewe. Akifikiria kule juu, anaona chumba kitupu chenye madirisha marefu, na yeye anapima mapazia yake.

Jumapili moja wakaamua kusafiri kweli. Wazo lilikuwa la Fundi. Simu ziwe wazi kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa tatu usiku, safari nzima bila kukata. Dada Pazia akashona, akafua, akala, akaoga, simu iko kwenye kiti kama mgeni.

"Tuko wapi?"

"Jangwani. Saa ya tano."

"Sasa?"

"Tumeanza bahari."

Akalala mchana, akaamka shavu lina alama ya mto. "Tumefika?"

"Saa ya tisa. Bahari bado."

"Bahari gani hiyo isiyokwisha?"

"Vumilia, mama."

Saa ya kumi na moja alilia. Alilia kwa sababu mwili wake ulikuwa umeelewa. Mtu akiwa mbali kiasi kile, hata akikupenda, hata akisikia nyumba yako inaungua, atafika moto umeshazimwa zamani. Usiku ule, walipotua, alisema kwa sauti ya usingizi, "Usiugue huko. Sitawahi."

"Na wewe usiugue."

"Mimi siumwi."

Na kweli hakuumwa yeye. Aliumwa baba.

*

Walitoka nje ya wodi, kwenye korido ndefu yenye mabenchi ya mbao. Shangazi akafuata na flaski yake.

Dada Pazia aligeuka. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mle ndani nimekutupia kamba. Ishike. Sema ulipanda ndege jana. Sema ulitaka kunishtukiza. Sema, Fundi, nami nitaamini, nakuomba."

Fundi akaliangalia koti lake. Akalihamishia mkono wa pili.

"Sikuwa njiani."

"Sema tena."

"Sikuwa njiani. Sikuwahi kwenda."

Shangazi akaweka flaski chini kwenye benchi. "Haya. Yamekwiva."

"Shangazi, tafadhali," Dada Pazia akasema bila kumtazama. "Hukuwahi kwenda wapi?"

"Ng'ambo. Ile siku pale uwanjani, nilipopita kwenye kioo, nikafika kwa yule wa kukagua. Akaitazama viza, akamwita mwenzake, wakacheka. Ilikuwa ya kughushi. Wakala hapokei simu. Wakanitoa kwa mlango wa upande wa pili."

"Na mimi nilikuwa pale kwenye kioo."

"Nilikuona. Ulikuwa bado unapunga mkono."

"Uliniona?"

"Ulikuwa umeuza cherehani yako kwa ajili yangu. Nikasema nikitokea saa hii, nimebeba begi lile lile ulilonifungia, nitasema nini? Nikasema nitafute kazi wiki mbili, nikurudishie cherehani, ndipo nikwambie. Wiki mbili zikazaa."

"Uko wapi siku zote hizi?"

"Kwenye ule mji wa njia panda. Kuna ghala la baridi, la samaki. Mimi ndiye fundi wa mitambo, zamu ya usiku."

"Mji wa njia panda," Dada Pazia akarudia. "Saa tatu kwa basi."

"Tatu, kasoro kidogo kukiwa hakuna foleni."

"Ule ukuta mweupe?"

"Chumba namba mbili."

"Ile theluji?"

"Barafu ya mabomba. Naikwangua kila usiku, ndiyo kazi yenyewe."

"Mungu wangu!" Shangazi akapiga paja. "Mtoto wa ndugu yangu kaposwa na sangara!"

Nesi akachungulia kuwaambia wapunguze sauti. Hakuna aliyecheka. Dada Pazia alikaa kwenye benchi, akaanza kukunja ukingo wa kanga yake vidole viwili viwili, kama anavyokunja pindo la pazia.

"Na Jumapili ile?" akauliza. "Masaa kumi na manne yote yale. Ulikuwa unanichezea?"

Fundi akalikunja koti, akalikunjua.

"Nataka jibu. Siyo zuri. La kweli."

"Nilitaka ujue kwamba ni mbali. Nilitaka ujue kabisa, ili usije siku moja ukaniambia njoo."

Dada Pazia akafumba macho.

"Lakini ilipofika saa ya kumi hivi," Fundi akaendelea, "hata mimi nikawa nasafiri. Nililala mchana kwa saa ya kule, nikaamka kwa saa ya kule. Dirisha nimeziba kwa gunia. Sijui hata kulieleza."

"Usilieleze." Akafumbua macho. "Nijibu moja. Leo ungenyamaza. Ungesema tiketi hakuna, ndege zimejaa. Nisingejua mpaka kiama. Kwa nini hukunyamaza?"

"Ulisema baba hatatia saini. Nikaangalia saa. Kuna basi la saa nane na nusu. Nikakimbia."

"Hukufikiri?"

"Tulipofika nusu ya njia ndipo nikakumbuka kwamba mimi niko ng'ambo."

Shangazi akaiokota flaski yake benchini. Dada Pazia alikuwa na neno moja tu.

"Ondoka."

"Mama..."

"Usiniite mama. Ondoka mbele yangu kabla baba hajasikia."

Akaondoka. Hakuuliza aondoke mpaka wapi.

*

Saa mbili asubuhi mzee alisukumwa kuingia chumba cha upasuaji. Alikuwa anatania mpaka mlangoni. "Mkwe wangu yuko wapi? Mwambieni akae karibu, huenda nikahitaji kusukumwa."

Dada Pazia alitoka nje kutafuta hewa. Fundi alikuwa kwenye benchi la getini, koti amelivaa, macho mekundu. Mlinzi alikuwa amempa nusu ya gazeti akalie.

Hakumsogelea. Alisimama upande wa pili wa njia.

"Hukuenda kazini," akasema.

"Sikwenda."

"Ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu."

"Watakufukuza."

"Wameshapiga. Mtambo wa chumba namba mbili ulizima usiku, na hakukuwa na mtu wa kuuwasha."

Dada Pazia akavuka njia, akakaa mwisho wa benchi, nafasi ya mtu mmoja katikati yao. Saa tano nzima walikaa hivyo. Hawakuzungumza sana. Mara moja akauliza, "Baridi ilikuwa ya kweli?" Fundi akajibu, "Ilikuwa ya kweli." Mara nyingine akauliza, "Ulikuwa unakula nini?" akajibiwa, "Samaki." Akakaribia kucheka, akajizuia kwa hasira.

Daktari alipotoka, kofia bado kichwani, alisema mzee amevuka. Dada Pazia akasimama, akainama, akaushika mkono wa Fundi, akauminya mpaka mifupa ikalia. Kisha akakumbuka, akauachia.

*

Baada ya wiki moja akamwambia baba yake. Aliona haifai mzee apone juu ya uongo.

Mzee alisikiliza akitazama dari.

"Kwa hiyo alinidanganya nikatia saini."

"Hapana baba. Aliyekudanganya ni mimi. Yeye alinyamaza."

"Ahaa." Akafikiri. "Basi mmeshafanana."

"Baba, mimi sitanii."

"Na mimi nina mshono kifuani, sina nguvu za kutania. Unamtaka au humtaka?"

"Sijui ninamtaka nani. Ninayempenda anaishi ng'ambo. Huyu ni mtu wa ghala la samaki."

"Kamwangalie basi huyo wa ghala. Mimi miaka yote ile nilikuwa sikubali mzigo mpaka nimeuona."

Dada Pazia na Fundi wakapanda basi pamoja, Fundi akachukue vitu vyake. Hawakukaa kiti kimoja. Yeye alikaa dirishani, Fundi nyuma yake. Nje yalipita mashamba, vituo vya mafuta, watoto wa shule, daraja, mashamba tena. Jua lilikuwa jembamba, linaingia kwenye kioo kama maji. Alijaribu kufikiria jangwa, akashindwa. Alijaribu bahari. Kichwa kikaegemea kioo, akasinzia, na katika usingizi akawa yuko kwenye kile chumba kitupu cha angani, anapima madirisha, na kila akifungua tepu inakuwa fupi zaidi.

Mkono ukamgusa bega.

"Tumefika."

"Tayari?"

"Tayari."

Akatazama nje. Kituo kidogo, maduka mawili ya simu, mwanamke anauza mahindi. "Ndiyo huku?"

"Ndiyo huku."

"Karibu hivi?"

"Karibu hivi."

Alilia pale pale kwenye kiti mpaka basi likabaki tupu na kondakta akaanza kufagia. Siku ile ya Jumapili alililia umbali. Leo alililia ukaribu, na huu ulimuuma zaidi, kwa sababu angeweza kuja na kurudi siku yoyote, na kazi zake za jioni angemaliza.

Mwenye ghala alikuwa mtu mnene mwenye hasira za haki. "Wewe ndiye uliyemwita?" akamwambia Dada Pazia. "Chumba kizima kimeoza kwa ajili yako. Nimezika samaki kwa koleo."

"Pole, kaka yangu. Baba alikuwa anafanyiwa upasuaji."

"Amepona?"

"Amepona."

"Angalau," akasema, na hasira ikapungua robo. "Mchukue. Fundi mzuri. Simtaki tena, lakini fundi mzuri."

"Naomba nikione hicho chumba."

Wakafungua mlango mzito. Baridi ikatoka na kuwafunika kama shuka iliyoloweshwa. Chumba kilikuwa kimesafishwa, kitupu, barafu mpya imeanza kushika ukutani. Dada Pazia akaingia mpaka mwisho, akaugusa ule ukuta mweupe. Ukuta aliokuwa akiutazama kila jioni, akiwa amelala juu ya marobota, akidhani ni mji.

"Nisimulie," akasema. Mvuke ukamtoka mdomoni. Akaushangaa.

"Nisimulie nini sasa?"

"Kilichopo. Hicho tu."

Fundi akasimama katikati ya chumba, mikono haijui pa kukaa.

"Hii ni feni. Ina kelele kwenye beringi, nilikuwa naipaka grisi kila Ijumaa. Hili ni bomba la kupeleka gesi, hili la kurudisha. Hapa ndipo nilipokuwa nasimama, kwa sababu ndipo mtandao unashika. Hapa chini nilikuwa naweka kreti, nakaa. Hii alama ukutani ni bega langu."

"Halafu?"

"Halafu saa mbili inafika, napiga. Mikono inatetemeka. Ulikuwa unadhani ni baridi."

"Siyo baridi?"

"Baridi niliizoea. Nilikuwa naogopa kwamba leo ndiyo utaniuliza kitu nisichoweza kukijibu."

Alisikiliza mpaka mwisho. Hapakuwa na shanga za taa wala jangwa, na sauti ilikuwa ile ile. Aliipima sauti ile kwa utulivu, mara mbili, kama anavyopima kitambaa kabla ya kukikata, kwa maana mkasi haurudi nyuma.

"Nasikia baridi," akasema.

Fundi akavua koti, akamvika, akamfunga vifungo mpaka juu.

"Usiniombe msamaha tena," Dada Pazia akasema kutoka ndani ya kola. "Tangu wiki iliyopita umeniomba mpaka masikio yamechoka. Rudi mjini kwetu. Tafuta kazi ninayoweza kuja kuiona kwa miguu, muda wowote, bila kukwambia."

"Sawa."

"Na ukinidanganya tena, hata kwamba umekula wakati hujala, naondoka, na safari hiyo itakuwa ndefu kweli."

"Sawa, mama."

Hakumkataza kumwita mama.

*

Walioana mwezi wa tano. Mzee alikaa kiti cha mbele, amevaa suti iliyomzidi, akawaambia wote kwamba mkwe wake ana kasi kuliko ndege. Watu wakacheka. Mtaani walicheka zaidi, na mpaka sasa ile nyumba yao inaitwa Ng'ambo.

Ndoa hiyo ina gharama zake. Cherehani ya umeme haikurudi, Dada Pazia anashona kwa ya miguu, na goti lake la kulia linamsumbua. Fundi alipoteza kazi yake na jina lake kwa wenye maghala, sasa anatengeneza majokofu ya majumbani, moja moja, kwa begi mgongoni. Shangazi hakuja harusini. Alisema aliyemfanya mjinga mbele ya mtaa mzima hawezi kumpa mkono. Akafunga duka, akahamia barabara ya chini na nusu ya wateja, na akikutana na mpwa wake humsalimia kama mtu baki. Mzee aliishi miaka miwili kwa moyo ule ulioshonwa, akaondoka.

Na kuamini. Hiyo haikurudi yote. Mpaka leo Fundi akipiga simu kusema yuko kwenye basi anakaribia, mkewe husema, "Nipe kondakta niongee naye."

Naye humpa.